Aliyenigongea Saa Mbele ya Papa Anaclet

Ruashi, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu Feza, dada mkubwa,

Yambo sana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti lako linasemaje tangu mvua ipungue? Siulizi kwa sababu barua huanza hivyo. Nitalihitaji goti hilo, utaona mbele kwa nini. Mimi ni mzima. Vumbi la Ruashi bado linanikohoza, lakini tumeshazoeana.

Ulimtuma shofere wa kamyo ya mihogo aniulize kama mfunge mizigo ama mkae. Hukutaka nijibu kwa simu, maana simu ya huko Kasomeno hukatika palepale neno linapokuwa zito. Basi jibu limo humu. Usirukie ukurasa wa mwisho, ninakujua. Mimi nimelipata kwa taabu, nawe utalipata polepole.

Béa, ninayetaka kumwoa, umemwona kwenye picha. Baba yake, Papa Anaclet, humjui. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapahapa. Anauza mabati karibu na soko, amesoma, na suruali yake ina mkunjo hata siku ya kushusha mzigo. Kila nilipofika kwao alinipa kiti, akauliza habari za kazi, kisha akarudi kupaka rangi jeshi lake. Neno la ndoa halikupata mlango.

Jeshi lake, Yaya, usishtuke. Kila Jumamosi mchana, watu wazima wenye akili zao wanakutana katika ukumbi wa parokia kucheza vita juu ya meza. Kuna vilima vya sponji na mto wa kitambaa, na kila mtu analeta askari wake, wadogo kama kidole gumba. Unapima mwendo wao kwa rula, unatupa dadu kujua nani ameanguka. Haumii mtu, isipokuwa kwenye majivuno. Nikasema mlango ndio huu. Unajua kazi yangu ni kufunga upya mota zilizoungua, waya wa shaba hautupungukii. Nikasokota askari wangu, nikawakatia ngao za kopo la soda, nikaenda.

Kumbe adui mkubwa pale ni saa. Mama Odette, muuza madaftari anayeongoza mchezo, ana saa moja yenye nyuso mbili, uso mmoja kwa kila mchezaji. Ukimaliza zamu yako unagonga kifungo, muda wako unasimama, wa mwenzako unaanza kuliwa. Ukiisha, kibendera chekundu kinaanguka. Hapo askari wako wanabaki walipo kama miti inayongoja tanuri la makala, na mwenzako anaendelea kuwakata.

Mwanzoni kibendera changu kilianguka kila Jumamosi, na kosa ni lako. Wewe ndiwe uliyenilea nikijua kwamba mtu haingii mahali bila kusalimiwa na kuulizwa wa nyumbani kwake, na katika ukumbi ule wazee wanaingia mchana kutwa. Mimi ninasimama, ninashika mkono, ninauliza habari za watoto, na saa inakula. Mama Odette akanivumilia mara mbili, kisha akasema mbele ya wote, "Delphin, weye unakuya kupigana ama kusalimia bantu?"

Akanifundisha. Nifikirie wakati saa ya mwenzangu inakula, siyo yangu. Askari niwapange juu ya kipande cha bati, ili kumi waende kwa msukumo mmoja, maana mimi nilikuwa ninageuza kila mmoja atazame mbele vizuri, kama ninawapiga picha. Nianze na wale watakaoamua vita, wa nyuma niwaache wapumzike. Nibakize muda kwa mwisho, mahali ambapo watu wanauawa kweli. Na nikimshambulia mwenzangu, yeye ndiye wa kutupa dadu na kuchagua nani wake afe, basi nigonge saa wakati huo, afikirie kwa muda wake.

Nikaanza kushinda. Ndipo nikapangiwa Papa Anaclet.

Yaya, niambie, ninagongaje saa kwa baba wa mke ninayemtaka? Ninyooshe mkono mbele ya uso wa mzee kumwambia afanye haraka? Sikugonga. Naye akachukua dadu, akazitikisa kiganjani, akasimama, akaanza kunieleza jinsi baba yake alivyokuja na treni kutoka Kasai, kituo kwa kituo, na kila kituo kilipita katika muda wangu. Kibendera changu kikaanguka. Akanipiga bega: "Uko na heshima, kijana." Jumamosi iliyofuata vilevile, ila treni ilisimama pia mahali ambapo mara ya kwanza haikusimama.

Ningecheka, lakini Béa aliniletea maneno ya nyumbani kwao. Baba yake alisema mezani, akimaliza tonge la mwisho la bukari: "Muntu mwenye hamalizake vita ya meza, nyumba atamaliza namna gani?" Unajua ujenzi wa nyumba yangu umesimama kwenye madirisha tangu mwaka jana. Béa hakulia, alifunga tu kitambaa chake akaondoka, na hilo lilinitisha zaidi.

Nilipata njia kazini, nikiwa nasokota waya. Neno kwa mkwe halipiti kinywani mwa kijana, linapita kwa mjumbe. Kwa nini saa isipite kwa mjumbe? Tonton Fidèle, mkubwa wangu wa kazi, yule wa Lukafu aliyeacha mahindi akafuata mota, alishakubali kutusemea kwa wakwe siku ikifika. Nikamwuliza Mama Odette kama sheria inakataza mkono wa mtu mwingine kugonga. Akapekua kitabu chake, akasema hakijasema kitu, akatabasamu kwa upande mmoja.

Jana Tonton Fidèle akaja na koti lake la misa. Mchezo wenyewe haujui hata kidogo. Mimi ninagusa kofia, yeye anainuka nusu, mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia kama anayempa mzee kikombe, anagonga, anasema kwa upole, "Saa njo yenu, Papa." Kila mara hivyo. Papa Anaclet alifungua kinywa kuanza habari za treni, akatazama saa, akakifunga. Siku hiyo treni haikutoka Kasai.

Umeme ukakatika. Saa ile inajazwa kwa ufunguo, haikujali, nasi tukasogeza meza dirishani. Mwishoni wapanda farasi wake walibaki kidogo tu wachukue kilima changu. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, sikatai. Akainua rula apime, na kibendera chake kikaanguka. Farasi wakabaki vidole viwili chini ya kilima.

Nimeona mota nyingi zikitoa moshi kabla hazijaungua, nikawa natazama uso wa mzee hivyohivyo. Nikajiambia nimepata kilima, nimekosa mke.

Papa Anaclet hakunitazama. Alimtazama Tonton Fidèle, koti, kiwiko, viatu vilivyong'aa.

"Fidèle, muntu anavaa koti ya misa juu ya kugonga saa?"

"Hapana, Papa."

"Basi banakutuma."

"Bananituma, Papa."

Akarudisha farasi zake sandukuni, mmoja mmoja, bila haraka, maana sasa hakuna saa inayokula muda wake. Kisha akasema, "Umwambie ule kijana bantu yake bakuye. Tena bakuye mu saa."

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kugusa mkono wa shati lake. Tonton Fidèle akanigeukia, akanipasha habari kana kwamba nimeshuka sasa hivi kutoka Kasomeno: Papa anasema bantu yako bakuye. Nikamwambia amwambie asante. Akamwambia.

Basi Yaya, fungeni mizigo mje kuniposea. Siku aliyompa Tonton Fidèle ni Jumamosi ya pili ya mwezi unaokuja, baada ya chakula cha mchana; mchezo ataukosa. Usiku nimelala kama gunia, na leo misani Béa alinipita bila kunitazama, akicheka ndani ya kitambaa.

Sasa lile goti. Kutoka mlangoni kwako hadi kwenye kamyo ni karibu, lakini kamyo imeshawahi kukuacha ukiwa bado unauliza habari za mbuzi wa watu. Kwa hiyo lipeleke goti nyumba kwa nyumba, uwasalimie wote sasa, kwa barua hii. Msalimie nkambo wetu mzee, mwache amalize habari yote ya jino lake. Msalimie mke wa kaka yetu mkubwa, na katekista aliyenifundisha kusoma. Msalimie jirani muuza visamaki vya ndagala, watoto wake waulize kwa majina yao yote. Na yule binamu aliyesema sitaoa, yeye msalimie polepole sana.

Maliza kuwasalimia wiki hii. Siku ya safari toka kichwa chini, panda kamyo. Atakayenuna mwambie wewe una muda tele, ila siku hiyo saa ni ya Papa Anaclet.

Nitakuwa kituoni kabla yenu, nimeshavaa.

Mdogo wako uliyemfundisha kusalimia,
Delphin