Mbegu Katika Nywele

Jumamosi

Na mikono bado inanuka matope.

Prof wa biolojia alitupeleka ziwani kufanya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tung'oe gugumaji. Lakini pale alipotuweka, kati ya mawe ya volkano, hakuna gugumaji. Gugumaji huelea, na vikonyo vyake vimevimba. Mmea unaoota pale, ninaouita wangu, umeshika mizizi chini, majani yake membamba hukaa ndani ya maji. Nimeuchunguza muhula mzima. Nilidhani ni ule wa asili ya hapa, wa kwenye kitabu cha maktaba, ila bila kuona mbegu yake singekuwa na hakika. Ulikuwa umetoa maua, na ya kwanza yalikuwa yameanza kunyauka kuwa mbegu.

Nilijikaza nikasema, "Prof, hii haiko gugumaji. Ni ya hapa kwetu."

"Mademoiselle, leo ni salongo, haiko somo. Anza weye kuing'oa."

Niling'oa. Wote wakiniangalia.

Furaha, ninayekaa naye dawati moja, akanivika rundo zima kichwani. "Muone bibi-arusi wa majani! Nani atamutolea ng'ombe?"

"Chura!" mtu akajibu.

Prof alicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni Mama alikuwa ananifumua nywele. "Hii nini tena?" Akaniwekea kiganjani mbegu moja ya kijani, yenye mdomo mfupi uliopinda, sawasawa na mchoro wa kitabuni.

Basi ni wenyewe, wa hapa kwetu. Na pale ziwani hatukuacha hata mmoja.