Asilimia Ishirini ya Kila Kitu

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. U hali gani, na shemeji naye? Zamu zimepungua, au wodi nzima bado inakuegemea wewe peke yako? Mimi ni mzima wa mwili; ya moyo utayasoma.

Juzi kiwandani tumemuaga Bwana Asilimia, mhasibu wetu anayestaafu. Sijapata kuona mtu aliyeheshimiwa bure kiasi kile. Mfuko wa shati ulikuwa na kalamu nne, na moja tu ndiyo iliyoandika. Ukimuuliza jambo la mshahara, aliinamia kompyuta, akaguna kama daktari aliyeona uvimbe, kisha akatamka kwamba programu ya kodi imeamua. Imeamua! Kana kwamba mle ndani amekaa hakimu.

Ni yeye aliyetujaza ujinga ule: eti ukiongezwa mshahara ukavuka daraja la kodi, kiwango cha juu kinatozwa mshahara wote, unarudi nyumbani na pungufu kuliko zamani. Fundi wa mashine za kushonea magodoro alikataa usimamizi kwa sababu hiyo, nasi tukamsifu kwa busara. Watu wazima na akili zetu, hakuna hata mmoja aliyeomba kuona hesabu.

Alipokwenda likizo mwaka juzi, niliachiwa mimi kazi ya kuingiza mishahara. Nikaifungua hiyo programu. Mdogo wangu, hata muuza nyanya angecheka. Inachukua pato lako, inaondoa mchango wa pensheni, kinachobaki inakikata vipande. Laki tatu za kwanza haziguswi. Laki tatu zinazofuata zinatozwa asilimia kumi. Kinachozidi hapo, hicho tu, ndicho kinachotozwa ishirini. Inajumlisha, basi. Nikajaza pato linalobakiza laki saba baada ya pensheni: kodi elfu hamsini. Nikajaza linalobakiza laki nane: elfu sabini. Yaani ile laki ya nyongeza inakatwa elfu ishirini, themanini ni zako. Bwana Asilimia alikuwa akizitoza ishirini laki nane zote, kwa kichwa, miaka kumi na moja.

Kwenye kumuaga, yule fundi alisimama akamshukuru kwa kumwokoa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, huku nikiwadharau wote, kisha ghafla nikaacha.

Maana unakumbuka simu yako. Ilikuwa wiki ile ile ya likizo yake. Ulisema wamekupa cheo cha muuguzi mkuu, ukaniuliza kama ni kweli kodi itameza nyongeza, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo ya ofisi. Jibu lilikuwa kwenye skrini mbele yangu. Nikakuambia, "Kataa, utajuta." Ukanishukuru.

Haikuwa kodi. Tangu utotoni mama akihesabu wanawe huanzia kwako, wakati mkubwa ni mimi. Nilishindwa kuvumilia uitwe mkuu na huko kazini pia. Sababu ndiyo hiyo, ndogo na chafu. Bwana Asilimia alikuwa mjinga, lakini hakuwa mwongo.

Shemeji aliniambia nafasi imetangazwa tena. Iombe. Ukiwa na swali lolote, muulize mtu mwingine.

Msalimie shemeji, na watoto uwakumbatie hata kama hutawaambia ni kwa niaba ya nani. Usiponijibu, sitauliza kwa nini.

Ni mimi,
Dada yako