Gari la Mama Elibariki Lilikuwa Linagonga Kweli

Sombetini, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje tangu ulipoacha kuchota maji mwenyewe? Na mihogo, mmeshavuna au nguruwe pori wamewahi? Sisi huku wazima. Nyamizi, wajina wako, ameota jino la pili, anang'ata kila kitu, hata bega la baba yake.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ukipokea unaweka sauti kubwa, shangazi anasikia, majirani wanasalimia, basi naishia kusema tuko salama. Hii isome mwenyewe, mama, polepole.

Unajua kazi yangu pale gereji Ngarenaro ni kuandika. Mwenye gari anasema kinachomsumbua, naandika kwenye daftari, fundi anasoma. Kuna kigari kimoja siku hizi kimejaa mjini, kimeinuka kama magari ya porini lakini kifupi. Wenyewe wote wanaleta neno moja: mbele panagonga. Mmoja anasema ni kama mtu anatwanga, mwingine usukani unatetemeka kwenye kona, mwingine amebadilisha shokapu mara mbili na bado.

Mama Elibariki naye analo la aina hiyo. Ni yule Mmeru niliyekuambia, mjane anayelima ndizi na kahawa juu mlimani, aliyenichukua nilipojifungua. Huku mzazi analishwa mtori, zile ndizi za kupondwa na nyama, na mimi sikuwa na wa kunipikia. Akasema, "Mama yako yuko Tabora, atakupikia kwa simu?" Akanilaza kwake wiki mbili, akamwogesha mtoto kwa mikono yake. Siku ya kunirudisha tuliteremka na mikungu ya ndizi nyuma ya gari, nikasikia mwenyewe chini ya miguu: ko, ko, ko, kila tukipita kwenye mawe.

Niliporudi kazini akalileta gereji. Fundi Shabani, ndiye mwenye gereji, akabadilisha shokapu, akalijaribu. Alilijaribu tupu, mama, tena kwenye lami. Halikulia. Nikamwambia, "Fundi, lilikuwa linalia likiwa na ndizi." Wakacheka wote. "Haya, Fundi Kabula," akasema, "chukua spana wewe, nipe mimi hiyo peni." Kisha akaniambia niandike limejaribiwa, liko salama. Niliona aibu. Mimi wa darasa la saba nibishane na fundi? Nikaandika.

Lakini siyo kuandika kunakoniumiza. Mama Elibariki alipokuja kulichukua hata hakusoma nilichoandika. Aliniangalia mimi. "Kabula, wewe ulilipanda ukasikia. Limepona?" Fundi amesimama palepale. Nikasema, "Limepona, mama."

Wiki ya tatu, akiteremka na ndizi za soko, kiungo kinachoshika tairi la mbele kikachomoka, tairi likalala, gari likaingia kwenye mibuni. Mkono wake wa kushoto ukavunjika. Wanawe walipokuja kuuliza, fundi akasema mama alizidisha mzigo, na huko kugonga ni masikio yake ya kizee tu. Wakaamini. Wakasema asiendeshe tena, gari liuzwe. Na bila gari kule juu, ndizi zake zingechukuliwa na walanguzi wanavyotaka wao. Mimi nilikuwa pale na daftari mkononi. Sikusema kitu.

Tangu hapo kila nikimnyonyesha Nyamizi nawaza, maziwa haya si yalianzia kwenye mtori wake? Baba Nyamizi akasema, "Nyamaza, kazi nyingine utaitoa wapi?" Simlaumu, anabeba zege kila siku anarudi hoi.

Jumapili nikapanda kwake na mtoto mgongoni. Nilimkuta nje anachambua maharage kwa mkono mmoja, wanawe wawili wapo. Nikapiga magoti nikasema yote. Hakunitazama, aliwatazama wao. "Mmesikia? Lilikuwa linagonga." Halafu akanigeukia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Nilikuuliza wewe kwa sababu wale wangenidanganya."

Mama, afadhali angenipiga.

Mwanawe mkubwa akaleta karatasi, nikaandika nilichosikia na nilichosema, nikatia sahihi. Gari haliuzwi tena, limepelekwa kwa fundi mwingine. Jumatatu nikamwambia Fundi Shabani mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Akalichukua daftari mkononi mwangu bila kelele, akasema niende nyumbani.

Kwa hiyo ile safari ya kumleta mjukuu wako baada ya mavuno sitaiweza mwaka huu. Najua umeshamsukia mkeka. Nisamehe na hilo pia. Kwa sasa nafua nguo za watu hapa mtaani, na kuna mama mmoja wa duka la vipuri amesema nirudi kumwona. Nitapata tu.

Nisalimie shangazi, mwambie sijamsahau. Nisalimie kaka Masanja wa mashine ya kusaga, na yule mzee wa kanisa aliyenishika mkono nikiwa sijui kuandika hata jina langu.

Mama Elibariki hajasema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Nilipokuwa namfunga Nyamizi mgongoni niondoke, alisema tu nipande tena Jumapili, ndizi za kumenya ni nyingi na yeye ana mkono mmoja. Nitakwenda mapema, kabla ya ibada.

Ni mimi mwanao, nakupenda na nina aibu mbele yako,

Kabula, mama Nyamizi