Kikombe cha Bati chenye Ukingo wa Kijani

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kahawa baada ya ibada. Mkono ulienda mkobani kutafuta kikombe cha Mama – miezi minane tangu afariki, na bado. Miaka sita aliyoishi nasi hapa Hallunda, Sweden, hakunywa hata mara moja kwenye vikombe vya kanisa. Alitoa chake, cha bati, ukingo wa kijani. Akanywa, akakisuuza, akakirudisha. Watu walidhani anaogopa mafua.

Leo Adelina, rafiki yangu wa kanisani, alikuwa na habari ya msichana anayechumbiwa mtaa wa Vårby gård. "Ukoo wameuchunguza lakini? Isije ikawa tumeletewa Mtwa." Kicheko meza nzima; kwetu Burundi Watwa ndio wa kudharauliwa, hakuna anayeshiriki nao chombo. "Mama Zuri, wewe si wa Gitega? Utatusaidia kunusa."

Nilicheka na mimi. Kile kicheko nimerudi nacho nyumbani.

Jumanne, 14 Oktoba

Maktaba, kikundi chetu cha kusoma. Rebecka, anayekiongoza, anatufasiria kutoka Kiswidi maisha ya mwanamke wa India, Mdalit, aliyoyaandika mwenyewe. Dalit ni wale wa chini kabisa, ambao wengine hawataki kuguswa nao. Mama yake alifagia nyumba za wakubwa. Kikombe chake cha chai kilitundikwa nje, kwenye msumari. Maji alimiminiwa kutoka juu, mtungi usimguse. Na wanaume wa nyumba hizo hizo, walipomtaka, hawakukumbuka kwamba haguswi.

Nilishika ukingo wa meza. Huyo ni Mama. Mama alifinyanga vyungu, kilima kizima kilipikia vyungu vyake. Akiomba maji, walimpa kwenye kigae – kigae cha chungu alichowauzia mwenyewe. Ndiyo maana aliponunua kikombe chake hakukiachia tena.

Rebecka aliuliza nani angependa kuandika ya kwake, ayasome hadharani. Niliinua mkono.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kurasa tatu. Shule yangu ni ya msingi, naandika polepole.

Nimeandika alivyogonga chungu kwa kidole cha kati, akisikiliza. Sauti isipokuwa safi, alikivunja mwenyewe. Hakuuza chungu kibaya maisha yake yote. Nimeandika pia alivyonipeleka shule ya mbali, tusikojulikana, akanifunza kusema sisi ni watu wa mjini. Nimetii miaka arobaini.

Nilimsomea Zuri, binti yangu. Alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: kumbe bibi hakuwa anaogopa vijidudu. Halafu kwa Kiswahili, taratibu: "Mama, usiondoe hata neno."

Alhamisi, 6 Novemba

Tangazo liko mlangoni mwa maktaba, jina langu kwa herufi kubwa. Nilisimama pale kama mtu anayesubiri basi.

Adelina kapiga simu. "Mama Zuri umekuwa mwandishi, na hutuambii. Nakuja na vigelegele vyangu." Anajua ni habari za Mama. Zaidi hajui. Ndiye aliyelala kwetu wiki nzima ya msiba, akipika, akinilazimisha kula. Sitaki kumpoteza. Kumficha Mama tena siwezi.

Jumamosi, 8 Novemba

Maktaba. Naandikia magotini, bado dakika tano.

Kikombe nilikileta nikinywee mwenyewe. Filip wa maktaba akakichukua, akakiosha, akakipanga mezani na vile vya karatasi. Nilitaka kumzuia. Nikaacha. Kinapendeza pale katikati, kimenyooka kama Mama.

Watu kama thelathini. Zuri yuko kiti cha mbele, amejifunga kitenge cha bibi yake.

Adelina ameingia, koti limelowa mvua. Ameenda moja kwa moja kwenye kahawa. "Hee, si cha Bibi hiki? Basi leo nakinywea mimi, haya makaratasi yanaunguza vidole." Amekijaza. Ameketi karibu na Zuri, anapuliza. Zuri ananitazama.

Rebecka anaita jina langu. Mstari wa kwanza naujua bila kutazama: Mama yangu alikuwa Mtwa, mfinyanzi, na kwetu hakuna aliyekubali kunywa alipokunywa yeye.

Adelina amemeza funda la kwanza. Ananitabasamia.

Nasimama.