Uchawi wa Taa

Kashaulili, Mpanda

Dada Laurensia, shikamoo. Mvua imeanza, mama ameshapanda mahindi.

Umeandika tuupunguze nguvu uchawi wa Taa kwenye mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa dadu, maana mchawi wa levo ya kwanza hawezi kuangaza pango zima. Ni kweli, unaharibu mchezo. Ila tuuache, dada. Baba siku hizi anacheza na sisi, na anachagua huohuo tu.

Amenikataza nisikwambie, anaogopa utaacha chuo. Macho yake yameisha. Sisi ndio tunamsomea dadu.

Jana alirusha ikatoka moja, yaani taa inazimika. Nikamwambia ni sita.

“Pango limeng'aa?”

“Lote, baba.”

Akautabasamia ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa upande mwingine.

Mdogo wako,
Zefania