Sikio Moja Liache Wazi

Kharkiv, 4 Machi

Mwanangu Myroslava,

Hujambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanasumbua. Nimeuwasha ule mchezo wetu wa meli za kivita kwenye kompyuta uliyoniachia. Picha safi, lakini muziki una kwikwi, unakatika kila mara. Nibonyeze wapi? Raisa wa ghorofa ya chini kaniletea supu ya borshi, akanicheka: "Mzee mzima, michezo ya watoto!"

Baba yako

Gdańsk, 5 Machi

Baba mpendwa,

Sijambo, kazi tu nyingi. Fungua mipangilio ya sauti, chagua kadi ya sauti ya zamani, kisha ongeza bafa, ile akiba ya sauti, kidogo kidogo mpaka kwikwi iishe. Usizidishe, mizinga italia meli ikiwa imeshazama. Na Raisa ananiambia king'ora cha mabomu kikilia hushuki handakini. Kweli?

Mwanao, Myroslava

Kharkiv, 8 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Bafa imekubali! Nilivaa visikizi masikioni, nikapandisha sauti hadi mwisho. Raha ilioje! Nilipovivua, Raisa alikuwa anapiga mlango kwa ngumi. "Wewe kiziwi? Bomu limeangusha vioo vyote vya ngazini!" Sikuwa nimesikia kitu.

Baba yako

Gdańsk, 8 Machi

Baba,

Leo hata salamu sina. Rudi kwenye mipangilio, unganisha sauti za kushoto na kulia ziwe moja, kisha sukuma sauti yote sikio la kushoto. La kulia liache wazi kwa ajili ya king'ora. Hutakosa hata noti moja. Nijibu ukishafanya.

Myroslava

Kharkiv, 12 Machi

Mwanangu,

Unaendeleaje? Nilifanya, ikakaa siku moja, nikarudisha. Usinigombeze. Tangu tumzike mama yako nashinda nikisikiliza anga. Birika likichemka nashtuka. Nikiziba masikio yote mawili ndipo nakuwa mtu. Raisa anasema ataendelea kupanda kunigongea, nitake nisitake.

Baba yako

Gdańsk, 14 Machi

Baba, nimeona picha za mtaa wetu uliopigwa. Simu inaita tu. Andika neno moja.

Kharkiv, 15 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima. Naona aibu kuliandika neno hilo.

Jana Raisa alipanda. Wenzake handakini walimwambia, "Mwache huyo." Akajibu, "Nagonga tu, narudi." Baada ya mlipuko walimkuta mbele ya mlango wangu, hana uhai. Mimi nilikuwa ndani, nazamisha meli.

Watoto wake wanafika kesho. Watauliza kwa nini mama yao hakuwa handakini. Njoo, Myroslava. Siwezi kuwafungulia mlango peke yangu.

Baba yako