Nilitangaza Mikono ya Mama Mkwe Bila Kuiona

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na kwanza kabisa naomba jina langu lisionekane, kwa sababu hapa Kasongo gazeti hili husomwa kwa sauti mbele ya ofisi ya pamba kila Jumamosi, wakulima wasiojua kusoma wakikaa juu ya magunia yao, na msomaji wao ni mimi.

Mimi ni karani kijana, nimesoma sekondari kwa Mapadri hadi mwisho, na tangu Pasaka nina mke. Mshauri, hujamwona! Nimwite Pascaline, ingawa jina lake la kweli ni tamu kuliko hilo. Akipita na ndoo ya maji kichwani hata tone halimwagiki, na akicheka mimi husahau hesabu niliyokuwa naandika, mpaka Bwana Mkubwa ananiuliza kama nina malaria. Asubuhi ananisindikiza hadi njia panda, tunaagana kama watu wanaokwenda Ulaya, kumbe saa sita mchana nitarudi kula sombe. Wenzangu wananiambia furaha ya namna hiyo hupungua. Yangu inaongezeka, na ndiyo iliyoniponza.

Mama yake anakaa kijiji kimoja upande wa Wamaza. Ni mwanamke wa sauti kubwa na maneno makali, hana haya ya kujisifu, na kazi yake ni kunyoosha watoto. Mtoto aliyezaliwa shingo imelala upande mmoja, au aliyelazwa vibaya akaamka hawezi kugeuka, hupelekwa kwake, naye hupasha mafuta ya mawese, humlaza mtoto juu ya mapaja yake, humkanda na kumvuta polepole siku baada ya siku mpaka anyooke. Hayo yote niliambiwa na Pascaline. Kwa macho yangu sikuyaona, kwa maana unajua desturi ya kwetu, mkwe hamtazami mama mkwe wake wala hasemi naye. Nikimkuta njiani naingia majanini mpaka apite, na nikifika nyumbani kwake nasimama nje ya ua wa matete, nimeupa mgongo, maneno yangu yakipitia kwa mtu mwingine. Uso wake siujui vizuri. Mikono yake siijui kabisa.

Sasa Mgiriki mmoja mwenye duka alinifungia sabuni kwa gazeti la Kifaransa, na katika ukurasa ule nikasoma habari za waganga wa Amerika wanaotibu watoto kwa mikono mitupu, bila sindano wala chupa ya dawa, kazi wanayoiita kiropraksi, na mwandishi alidai kwamba uti wa mgongo ukikaa sawa mtoto atalala, atakula, hatakohoa, hata homa haitamkaa. Moyo wangu uliruka. Nikasema, hayo si ndiyo anayoyafanya mama wa Pascaline? Nikaona nimeoa katika nyumba ya wataalamu, na uzuri wote wa mke wangu, mgongo wake ulionyooka vile chini ya ndoo, nikajua umetoka wapi.

Jumamosi ile, nilipomaliza kusoma gazeti, sikuketi. Nikawaambia watu, "Ninyi mnawapeleka watoto wenu kuchomwa sindano, na dawa iko hapahapa kwa mama mkwe wangu! Kikohozi, homa, degedege, vyote vinatoka mgongoni, na Amerika wamekwisha kuandika!"

Mzee Zuberi, ambaye hanipi nafasi hata siku moja, akauliza, "Karani, weye umemuona akiponyesha homa?"

"Nimemwona kwa macho yangu," nikasema.

"Ee! Mukwe anamutazama mama mukwe! Musikie mambo ya vijana wa masomo!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, na uongo wangu ukapita katikati ya kicheko bila kuulizwa tena. Jioni Pascaline alikuwa amekwisha kusikia kwamba nimemsifu mama yake mbele ya watu wote. Alinichinjia kuku, akaniita mume asiye na mfano. Mshauri, kwa jina lile ningetangaza hata kwamba mama mkwe anafufua wafu. Nikarudia maneno yale Jumamosi iliyofuata, na nyingine.

Ndipo akaja Assumani muuza samaki, pamoja na mkewe Amisa, wamembeba mtoto wao Kasimu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno na kuwatania watu sokoni. Mtoto alikuwa na homa kali na shingo imekauka kama mti. Amisa alitaka kwenda hospitali, na hospitali ilikuwa mbele yetu, paa lake tunaliona. Assumani akaniuliza, "Karani, weye ndiye mutu wa masomo. Tumupeleke wapi?"

Lori la pamba lilikuwa linaondoka tupu kwenda upande wa Wamaza. Nikawapandisha mbele karibu na dereva, mimi nikapanda nyuma, najiona mkombozi. Tuliipita hospitali. Amisa aligeuza kichwa akaitazama mpaka ikapotea.

Kule kijijini wao waliingia, mimi nikabaki nje ya ua wa matete, nimegeuka kama inavyopasa. Nilisikia yote.

"Mutoto huyu iko moto kama jiwe la jiko," mama mkwe alisema. "Na shingo hii haikuteguka. Hii si kazi yangu. Mumurudishe kwa munganga wa hospitali, leo hii."

Assumani akamjibu, "Mama, mukwe wako alituambia mikono yako inatosha hata kwa homa. Alisema ameona kwa macho yake."

"Alisema ameona?"

"Mbele ya watu wote wa pamba."

"Na yeye iko wapi?"

"Iko hapa inje, anatusikia."

Nilikuwa nasikia kuni zikipasuka motoni. Neno moja tu lilitosha, Mshauri, na neno hilo lilinifika hadi kwenye meno. Nikasema moyoni, desturi hainiruhusu. Nikanyamaza.

Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Basi. Mukwe wangu hawezi kuonekana muongo mbele ya watu. Munipe mutoto."

Kilio cha Kasimu sitakiandika.

Lori lilirudi kesho yake jioni, na njiani mtoto alishikwa na degedege. Hospitalini walimchoma sindano nyingi na munganga akawakaripia kwa kuchelewa. Mtoto alipona, yu hai, anakula. Lakini hasikii. Juzi nilimwona Amisa sokoni akimwita kwa nyuma, "Kasimu! Kasimu!" na mtoto akaendelea kupanga maganda yake ya karanga chini. Hakugeuka.

Sasa mji mzima unasema mama mkwe alimkata mtoto mshipa wa masikio. Assumani amemshitaki, na chifu akirudi kutoka Kabambare kesi itasikilizwa. Kwamba mama yule alikataa kwanza, Assumani halisemi, kwa maana hata yeye aliambiwa arudi akakaa. Mama mkwe naye akiulizwa anajibu, "Ni shauri yangu mwenyewe, hakuna mutu alinituma," na mlango wake ameufunga, watoto wa shingo wanarudishwa. Watu wananipa pole! Wananishika mkono, wananiambia, "Pole Karani, hata weye kizee yule alikudanganya," nami napokea pole hizo kama mtu anayepokea mshahara.

Pascaline analia kila siku. Ananiambia, "Mama hashikaka mutoto mwenye homa, hata siku moja. Alikubali namna gani? Weye ulikuwa pale. Ulisikia nini?"

Nikamwambia upepo ulikuwa mkali.

Alinifuta vumbi begani akaniamini. Sasa akinisindikiza njia panda mimi ndiye ninayeharakisha kuondoka. Naogopa nikisema nitampoteza, na watu wa pamba hawatanisikiliza tena, na tena desturi hainiruhusu kusimama barazani mbele ya mama mkwe. Lakini nikinyamaza, yeye atahukumiwa. Nifanye nini, Mshauri? Haya inanila.

Ni mimi,
........................, Kasongo

*

JIBU

Kijana, barua yako nimeisoma nikitabasamu mpaka ilipofika kwenye lori. Tangu hapo sikutabasamu tena.

Kumpenda mkeo si kosa, na usiruhusu mtu akuambie kwamba kosa lako lilianzia kwenye ndoo ya maji. Lilianza Mzee Zuberi alipokuuliza swali zuri, nawe ukalijibu kwa uongo kwa sababu watu walikuwa wanakutazama. Ulikuwa na ukurasa mmoja uliofungia sabuni, na mikono usiyoijua, ukavichanganya ukavigeuza dawa ya watoto wa wenzako. Elimu ya sekondari haikukufundisha hivyo. Ilikufundisha kusoma, kisha kuuliza.

Nimemwuliza munganga mmoja ninayemwamini. Anasema ugonjwa wa homa na shingo kukauka unaweza kumnyima mtoto masikio hata kama hakuna mkono uliomgusa, na kila saa ya kuchelewa inauongezea nguvu. Huenda basi mama mkwe wako hakukata mshipa wowote. Alimwumiza mtoto aliyekuwa anaumia tayari, na hilo ni baya, lakini kilichomponza zaidi Kasimu ni ile safari ya kuiacha hospitali nyuma. Safari hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Sasa tuzungumze juu ya ile desturi uliyojifunika. Mimi pia nina mama mkwe, nami huingia majanini. Desturi inakukataza kumtazama na kusema naye. Niambie, Assumani ni mama mkwe wako? Amisa je? Mgongo wako ungebaki palepale kwenye matete, ukaita, "Assumani, nilidanganya, mrudishe mtoto!" na hakuna mzee hata mmoja wa Wamaza ambaye angekutoza faini ya kuku. Haukuwa mdomo uliofungwa na desturi, ulikuwa mdomo ulioogopa kucheka kwa Zuberi.

Mama yule naye simwachi hivihivi. Alijua, akakubali. Mwili wa mtoto wa mtu si mahali pa kutunzia heshima ya mkwe. Lakini aliyekosa kwa kukulinda wewe hawezi kuachwa alipe peke yake huku wewe unapokea pole.

Na ninyi wazazi mnaosomewa maneno haya, msielewe vibaya. Mikono yenye subira ni kitu chema, na mtoto ambaye shingo yake imelala tangu kuzaliwa, munganga akisha kumwangalia, amenufaika mara nyingi kwa kukandwa taratibu na mtu anayejua. Hao wa Amerika siwajui, siwezi kuwasifu wala kuwatukana. Ila mtoto mwenye homa na shingo ngumu, anayetapika, anayelia ukimwinua, asivutwe na mtu yeyote, awe wa Amerika au wa Wamaza. Apelekwe hospitali siku ileile, hata kama karani wa pamba amesema vingine.

Haya, simama ufanye kazi yako.

Kabla hujalala leo, mwambie Pascaline kwamba siku ile hapakuwa na upepo. Mweleze maneno ya mama yake jinsi ulivyoyasikia, usiyapunguze. Atakasirika, na ana haki, na huenda atakwenda kwa mama yake kwa muda. Mwache aende, usimlilie barua za mapenzi. Mke anayekuamini kwa uongo hunaye kwa kweli.

Kisha nenda kwa Assumani na Amisa. Usibebe zawadi, wasije wakadhani unanunua kimya chao. Sema, wakikutukana tulia, ukimaliza waulize wanahitaji nini kwa ajili ya Kasimu, na ukiwajibu, jibu jambo utakaloliweza mwaka huu na mwaka ujao. Mtoto asiyesikia anaweza kujifunza mengi kwa macho na mikono. Wewe uliye na masomo, jifunze namna ya kuzungumza naye, hata watu wakikucheka sokoni.

Chifu akirudi, nenda barazani bila kuitwa. Atakapoona mkwe na mama mkwe mahali pamoja ataamuru mkeka utundikwe kati yenu, kwa maana machifu wa kwenu wanajua kazi hiyo kuliko mimi. Simama upande wako wa mkeka na useme kwa sauti inayovuka. Alikataa, wewe ulisikia, ulinyamaza. Hayo matatu yanatosha. Kuomba radhi utamtuma mshenga wako, na mama akikataa, mtume tena baada ya mavuno.

Limebaki gazeti. Uliomba jina lako lisionekane, na sisi tumetimiza ahadi. Lakini Jumamosi magunia yatakuwepo mbele ya ofisi, na Mzee Zuberi atakuwepo, na watu walewale uliowaambia umeona. Wasomee barua hii tangu mwanzo, usiruke mstari hata mmoja, hata ule wa kuku. Ukifika chini, pale penye nukta, utaona tumekuachia nafasi.

Jina hilo lisome wewe.